Msipande Bado: Miaka Yangu na Mvua za Kaskazini

Hakuna kitu kinachoweza kutoka angani kikanishangaza. Nimeona mvua ya mawe ikiua kuku kumi na mmoja wa pasta mmoja, nyumba ya jirani yake isiguswe hata bati. Nimeona mvua ikinyesha upande mmoja wa barabara, ng'ombe wa huku wakiloa na mbuzi wa kule wakipiga chafya kwa vumbi. Miaka thelathini na moja nimesimama chini ya mbingu hii ya Kakamega nikiipima kwa milimita, na kila ilipoanza vituko vyake mimi nilikuwa nimeshashika kalamu.

Nawaandikia nyinyi vijana mliobaki pale ofisi ya hali ya hewa kwa sababu mwezi uliopita, nilipokuwa nakabidhi funguo za uzio wa vipimo, mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, kwani wewe ulikuwa unafanyanga nini hasa?" Swali zuri. Kaa chini.

Kwanza mjue kwamba shule niliacha darasa la sita. Sisemi kwa aibu. Wenye digrii walikuja ofisini wakapita, wengine hata majina yao nimesahau, lakini kule nyanda za kaskazini, Likuyani na Lugari, mahali ardhi imelala kama meza na mahindi yanaenda mpaka jicho linachoka, mbegu ziliingia ardhini kwa neno langu. Muulizeni yeyote.

Siku yangu ya kwanza nilipewa fyekeo. Kazi ilikuwa moja: nyasi ndani ya uzio zisipite kifundo cha mguu, na nisiguse kitu chochote cheupe. Shida ni kwamba kila kitu mle ndani kilikuwa cheupe. Katikati kulikuwa na sanduku jeupe lenye miguu minne na mbavu za mbao, nikajua ni mzinga wa nyuki wa serikali. Nilifyeka kwa kuuzunguka, taratibu, nisiwachokoze. Saa nne akatoka Mzee Ambani, msomaji wa vipimo, mtu mwembamba wa koti la kaki, miwani yake imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Mzee," nikamuuliza, "asali mnavuna lini?"

Aliangalia sanduku, akaniangalia mimi. "Hii asali yake haiuzwi," akasema. "Ndani mna joto la jana."

Akafungua mlango akanionyesha vipimajoto vimelala ndani kama watoto wa panya. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake, ingawa hakuna mahali paliandikwa hivyo. Mzee Ambani ndiye aliyenifundisha kusoma mvua. Saa tatu kamili asubuhi, si saa tatu na dakika mbili, unatoa chupa kwenye kipimamvua, unamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, unachuchumaa mpaka jicho liwe sawa na maji. Maji kwenye kioo hujikunja, pembeni yanapanda, katikati yanashuka. "Soma tumbo, usisome mabega," aliniambia mara mia. Nilifanya mazoezi kwenye chumba chetu cha kupanga pale mjini, Amalemba, kwa glasi ya chai mpaka mke wangu, Mama Brenda, akauliza kama nimeona nzi.

Siku aliyoniachia kusoma peke yangu, Mzee alikuwa ameenda matanga. Nilisoma vizuri, tumbo siyo mabega. Nikamwaga maji. Halafu nikaanza kutembea kwenda ofisini kuandika, nikakutana na mama muuza ndizi tunayejuana, tukasalimiana, habari ya huko, ng'ombe wameshindaje, na nilipofika mezani ile namba ilikuwa imeniponyoka kichwani. Mzee aliporudi nilimwambia ukweli.

"Umemwaga mvua ya Kakamega nzima," akasema, "na hakuna mtu mwingine atatuletea."

"Niandike kumi na nne? Ilikuwa kama kumi na nne."

"Andika haijulikani. Kitabu kikiwa na shimo, kila mtu ataona shimo. Ukijaza kwa kubahatisha, nani ataona?"

Shimo hilo bado liko kwenye kile kitabu, kwa mwandiko wangu. Ni la kwanza na la mwisho. Tangu hapo naandika nikiwa bado nimechuchumaa, na hata mama wa ndizi akiita nakuwa kiziwi.

Mzee alipostaafu, uzio ukawa wangu. Baadaye nikapewa pikipiki na kazi ya kuzungukia vipimamvua vya kaskazini, vile vinavyosomwa na watu wa kujitolea: mwalimu, karani wa zahanati, katekista. Hapo ndipo nilipojua kwamba mvua ni nyingi kuliko mawingu. Kulikuwa na katekista ambaye kwake mvua hainyeshi Jumapili hata kidogo, halafu Jumatatu inanyesha mara mbili. Huyo nilimwelewa, ibada ni ibada. Lakini kulikuwa na zahanati moja ambapo kila Jumamosi, kiangazi au masika, kitabu kilionyesha milimita nne. Kila Jumamosi! Wenye digrii ofisini walichora ramani, wakasema huenda ni upepo wa kutoka mlimani. Mimi nikapanda pikipiki, nikafika Jumamosi saa mbili asubuhi, nikakaa kwenye benchi ya wagonjwa nikikohoa kidogo ili nisifukuzwe. Saa mbili na nusu akatoka mhudumu na beseni, akaanika blanketi za wodi kwenye kamba. Ya mwisho, nzito, ikining'inia juu ya kipimamvua chetu barabara. Ta, ta, ta. Milimita nne. Nilihamisha kamba hatua sita na ule upepo wa mlimani ukaisha.

Basi hivyo ndivyo nilivyopata jina kule. Lakini kupima mvua iliyonyesha ni kazi ya nusu. Mkulima hataki kujua ya jana. Anataka kujua apande lini. Kila Februari makao makuu hutuma karatasi ya msimu, na kwa miaka mingi karatasi ile ilifika kijijini ikiwa kama ilivyoandikwa: uwezekano kiasi fulani, juu ya kawaida, chini ya kawaida. Watu walikuwa wanapiga makofi na kwenda nyumbani bila kuelewa chochote. Aliyeona hilo pamoja nami ni Bi. Ayuma, ofisa wetu mkuu, msichana mdogo kwa umri lakini kichwa chake kizito. Yeye alinifundisha kusoma zile ramani. Mimi nilimfundisha kusema na watu. Nadhani yeye alipata bei nzuri zaidi.

"Wewe, Mzee Mika, karatasi hii ungeisemaje?" aliniuliza mwaka wa kwanza.

"Ningesema: mvua ya kwanza ni mgeni wa kupita, msimtandikie kitanda."

Akaandika kwenye daftari. Ofisa mzima, na digrii mbili, anaandika maneno ya mtu wa darasa la sita.

Sasa nifike kwenye msimu wangu wa mwisho, huu wa mwaka huu, kwa sababu huo ndio nataka mniulize mkikutana nami.

Karatasi ilisema hivi: wiki ya kwanza ya Machi mvua itapiga kwa nguvu siku chache, halafu itakata. Jua litarudi. Mvua ya kweli, ile ya kupandia, ni wiki ya nne. Bi. Ayuma akanituma kaskazini kwenye baraza la chifu, kijiji kimoja upande wa Likuyani. Pale kuna mama mmoja mjane, Mama Nasambu, shamba lake liko kwenye njia panda ya soko. Yeye akipanda, kijiji chote kinapanda. Hakuna aliyewaamuru, wamezoea hivyo tangu mumewe akiwa hai: wanapita sokoni, wanaona mashimo yamefunguliwa kwake, wanaenda kutoa mbegu stoo. Kwa hiyo nilijua nikimpata yeye nimepata kijiji, na nikimkosa nimeongea na miti.

Nikasimama, nikasema yote. Msipande bado. Mgeni wa kupita. Akainuka, kitambaa kichwani, mkono kiunoni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mtu wa mvua, Mama."

"Mtu wa mvua. Na mvua inajua hivyo?"

Baraza likacheka mpaka chifu akafuta macho.

"Mama, karatasi hii..."

"Karatasi sipiki. Mimi mvua ikigonga bati langu siku tatu, natoa mbegu. Nikikungoja wewe na hiyo yako ya wiki ya nne isije, mahindi yangu yatachelewa, yataozea shambani. Hayo mahindi ndiyo karo ya wajukuu wanne. Wewe utakosa nini?"

"Nitakosa jina langu."

"Jina lako linasagika unga?"

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakujua: neno la ofisi yetu likianguka pale njia panda, hakuna mtu wa nyanda zile atakayelisikiliza tena, mimi nikiwa nimestaafu na nyinyi vijana mkiwa mnatumwa na karatasi zenu. Miaka yote ile ya pikipiki ingeishia hapo.

Mama Nasambu akasema, "Basi usirudi Kakamega. Kaa hapa mpaka hiyo mvua yako ije. Nikiharibikiwa, nataka nikuone kwa macho."

"Nakaa," nikasema.

Nikapata kitanda kwa Mwalimu Wafula, mstaafu anayetusomea kipimamvua cha pale. Redio moja ya lugha yetu nayo ikanipa dakika tatu kila jioni, kwa simu, niseme na wakulima. Sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye kila duka la pale sokoni. Sitadanganya, ilikuwa tamu.

Wiki ya kwanza ya Machi, mvua ikaja. Asubuhi ya kwanza nilisoma milimita ishirini na mbili, ya pili kumi na saba. Watu wa bodaboda wakinipita wananimwagia maji ya matope na maneno: "Mtu wa mvua, unaloa!" Jirani mmoja anaitwa Baba Kevo alikodi trekta, akapanda ekari tano, na kila akifika mwisho wa shamba, pale nilipo mimi, dereva anapiga honi. Siku ya tatu, milimita tisa. Bati la Mama Nasambu lilikuwa limeshagonga mara tatu. Nikamkuta uani, magunia ya mbegu yameshatolewa nje, wanawe wameshika majembe.

"Umekuja kuaga?" akaniuliza.

"Nimekuja kuomba jembe."

Nikachimba shimo moja, la kina cha mkono. Udongo wa juu, kama shubiri moja, ulikuwa mweusi na umelowa. Nikamwambia, "Mama, ingiza mkono."

"Nichafuke kwa sababu yako?"

"Ingiza."

Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Vidole vilikuwa na vumbi jeupe, kavu kabisa, linapeperuka. Alilisugua kati ya vidole muda mrefu. Wanawe wakimwangalia. Mimi naangalia juu, na kule juu, niwaambie ukweli, wingu lilikuwa bado jeusi kama chungu.

"Rudisheni magunia," akasema.

Hiyo ndiyo saa kubwa ya kazi yangu. Kijiji kilipita sokoni siku hiyo, kikaangalia njia panda, hakikuona mashimo. Kila mtu akarudi kwake kunung'unika. Isipokuwa Baba Kevo na wachache wa honi.

Usiku ule tu mvua ikakata. Kesho yake jua. Kesho kutwa jua, la kiangazi, lile la kutoboa kofia. Mahindi ya Baba Kevo yakachomoza vizuri, kijani, na siku tatu nne alitembea kifua mbele. Siku ya saba tangu yachomoze majani yakajikunja kama karatasi inayokaribia moto. Siku ya kumi alikuja kwa Mwalimu Wafula, kofia mkononi.

"Mzee, hii inaweza kufufuka?"

"Hapana. Tafuta mbegu ingine."

"Si ungesema!"

"Nilisema."

"Ungesema kwa nguvu, Mzee."

Mambo yakabadilika pale kijijini. Nilianza kuletewa kiti sokoni. Watu wa bodaboda wakaanza kunibeba bure. Wazee waliocheka barazani walikuwa wananiuliza mpaka habari za mawingu ya mwaka ujao. Na mimi nikawaambia, kwa nini nisiwaambie? Lakini Mama Nasambu hakuleta kiti. Alikuwa anapita asubuhi pale kipimamvuani, ananiangalia nikichuchumaa mbele ya bilauri tupu, anauliza, "Leo?" Nasema, "Sufuri, Mama." Anaenda. Wiki ya tatu ikaisha. Mimi usingizi nilikuwa nao, mwenye hakuwa nao ni Mwalimu Wafula, aliyekuwa akinisikia nikitoka nje kuangalia nyota.

Wiki ya nne, siku ya pili, saa tisa mchana, upepo ukageuka ukatoka upande wa ziwa. Nikausikia kwenye shingo. Saa kumi mvua ilikuwa inapiga ile nyanda yote kama watu wanaokimbia. Asubuhi nikasoma milimita thelathini na moja. Iliyofuata, ishirini na sita. Nikachukua jembe bila kuambiwa. Mama Nasambu akaingiza mkono, ukapita kiwiko, ukatoka mweusi mpaka juu.

Akaita wanawe. Halafu akaninyooshea bakuli la mbegu mbele ya watu wote. "Anza wewe," akasema. Nikatia mbegu mbili shimo la kwanza, nikafunika kwa mguu, na akina mama wakapiga vigelegele hata ng'ombe wakageuka. "Mtu wa mvua," akasema, "sasa nadhani inakujua." Akanipa jogoo mweupe mkubwa, kafungwa miguu kwa utepe wa kanisa. Bi. Ayuma akapiga simu kusema ripoti inaenda juu ikiwa na jina langu, Mika, hivyo hivyo, bila kupunguzwa. Jioni redioni nikatumia dakika tatu zote kusimulia, na kama mlinisikia mnajua sikujibania.

Jumamosi nikashuka kijijini kwetu Khwisero na jogoo wangu. Nilikuwa sijafika huko wiki nne. Nikasimama langoni, nikaona shamba. Mistari imenyooka, mizuri, na kwenye kila shimo kijiti cha mahindi kimekauka, cheupe. Shamba langu, na ng'ambo ya ua yale ya wadogo zangu watatu, yote vivyo hivyo.

Mama Brenda alikuwa jikoni anasonga obusuma, ugali wetu. Nikauliza, "Nani amepanda hapa?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Jembe ni lako, koti ni lako. Mimi nilikuwa ndani yake tu."

Kwetu mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Baba alishafariki, na mdogo hafungui shamba kabla ya mkubwa. Kama mkubwa yuko mbali, mke wake anavaa nguo yake, anashika jembe lake, anafungua mstari mmoja kwa jina lake, halafu wengine wanafuata. Mvua ya Machi iliponyesha, wadogo zangu walikuja kwa shemeji yao. Yule anayenifuata, Josfati, sasa alikuwa ameshaingia jikoni na kuketi, macho kwa jogoo.

"Hamkunisikia redioni?" nikamuuliza. "Kila jioni nasema msipande!"

"Tulikusikia vizuri sana, kaka. 'Ndugu zangu wa nyanda za kaskazini, msipande bado.' Kila jioni, kaskazini, kaskazini. Tukaulizana: sisi ni kaskazini? Tukaona huku kusini umeturuhusu."

"Si mngepiga simu!"

"Tulipiga," akasema Mama Brenda. "Ulikuwa redioni."

Nikatoa karatasi ya msimu mfukoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umechakaa kwa kukunjwa. Nikageuza. Ukurasa wa pili, safi kama siku ulipotoka kwenye mashine, uliandikwa: na kusini hali itakuwa hiyo hiyo. Sikuwahi kuufikia. Dakika ya kwanza ilikuwa ya salamu, ya pili ya kujitambulisha, ya tatu ya Likuyani.

Josfati hakudai kitu. Kwetu hakuna haja: jembe lililofungua likiharibu, mwenye jembe ndiye anarudisha. Tulikula ingokho, yule jogoo wangu, tukamaliza, na Jumatatu nikaenda sokoni Khwisero kununua mbegu na mbolea za nyumba nne, nikawalipa na watu wa kulima upya.

Vijana, karatasi ya msimu ina kurasa mbili. Huo wa pili mimi niliulipia shilingi elfu ishirini na tatu, mia sita na themanini.